Dhiraa ya Mwisho

Nilianza kumwogopa Mzee Shembilu siku aliposifiwa.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, karakana ya magari ya kamba, Mombo. Tulijipanga mbele ya winchi kama watoto wa shule, na hapo ujue kwamba watoto wa shule wenyewe, tarafa nzima, hawafiki ishirini. Sisi wafanyakazi tuko kumi na mmoja. Mkubwa wetu ni Mzee Kupaza wa winchi, themanini na miwili. Mdogo ni mimi, Nakijwa Mbwambo, hamsini na nane, ndiyo maana mpaka leo chai nachemsha mimi.

Mbele yetu alisimama afisa kutoka Kituo cha Ufaafu, wanaopima nani bado anaiweza kazi, Bi Kokushubila, miaka thelathini na minne. Watu walikuwa wanamwangalia magoti. Alikuwa amechuchumaa kuokota kalamu, kisha akainuka bila kushika kitu chochote.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba."

"Nimekuja na habari njema. Kituo kimechagua mkono wa mfano wa kuunga kamba kwa nchi nzima. Mkono huo unatoka hapa Mombo. Ni wa Mzee Shembilu."

Makofi yakapigwa. Mzee Kupaza alipiga kigelegele cha kiume, kikaishia kwenye kikohozi. Mzee Shembilu, miaka sabini na tisa, fundi aliyenifundisha kila ninachokijua kuhusu kamba za chuma, alisimama akatabasamu huku mkono wa kushoto ukiwa mfukoni. Hakunitazama.

"Na mtuwie radhi," aliendelea yule binti, "hatukutaka kuwatia wasiwasi. Mkono huo tumeshauingiza kwenye glavu zote tangu wiki nane zilizopita. Njia arobaini na moja. Hamkuhisi kazi imekuwa nyepesi?"

Tulihisi. Tulidhani ni hali ya hewa.

Kila mwenye miaka hamsini na mitano na kuendelea huvaa Mlezi akiwa kazini. Ni glavu ya kijivu, nyembamba, yenye nyuzi ndani zinazokaza na kulegea. Mkono ukitetemeka, Mlezi anautuliza. Ukisahau, Mlezi anaukumbusha, na anachokumbusha hakikutoka kitabuni, ni mwendo wa mkono wa mtu halisi aliyepata alama za juu kuliko wenzake. Bila Mlezi nchi hii ingesimama, maana vijana wa kutushika mkono hawapo. Wamezaliwa wachache, na wachache hao wote wako ofisini wanatupima sisi.

Alama za Mzee Shembilu zilikuwa za juu kwa miaka sita mfululizo. Mashine ya picha ilikuwa ikimulika viungo vyake vya kamba mpaka ndani na haioni kosa. Haikuona kwa sababu kosa nilikuwa nimeshaliondoa mimi.

Kwenye kazi yetu jambo hilo tunaliita kufunika. Fundi mkubwa akichoka, humwambii. Unamwacha amalize, aende kunywa chai ya saa nne, halafu wewe mdogo unarudi kwenye kazi yake, unafungua pale alipolegeza na kurekebisha, na akirudi unamwambia, "Mzee, leo umeuweza." Glavu unaivua, kwa sababu glavu inarekodi. Hakuna aliyenifundisha kufunika, na hakuna aliyewahi kulitamka jambo hilo mbele ya mwenyewe. Ni adabu tu, kama kumpisha mtu mzima kiti.

Kwa hiyo Kituo kilirekodi mkono wa Mzee Shembilu na kupiga picha kazi ya mkono wangu. Kiliviunganisha hivyo viwili kikadhani ni kitu kimoja. Na sasa mkono ule mgonjwa ulikuwa ndani ya glavu za mafundi wote wa kamba, kuanzia Lushoto mpaka sijui wapi.

*

Walipotawanyika kwenda kunywa soda za pongezi, nilichukua kipande cha kamba ya mazoezi, nikavaa Mlezi wangu, nikaanza kuunga.

Kamba ya gari ina nyuzi sita za chuma zilizosokotwa. Ili kuziunga ncha mbili unaufungua kila uzi na kuusukuma mkia wake ndani ya moyo wa kamba kwa sindano, na sindano yetu ina urefu wa mkono wa mtu. Mkia unaingia pima moja, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, na dhiraa moja, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Pima ya kwanza ni rahisi. Dhiraa ya mwisho ndiyo shughuli, maana pale kamba imekaza, na mkono wa kushoto lazima uibane sindano kwa nguvu zote huku wa kulia ukisukuma. Lakini dhiraa hiyo ndiyo inayofunga mzigo. Ukiiacha nje, unaweza kuilaza kwenye mfereji kati ya nyuzi, ukafunga utepe mweusi juu yake, na hakuna jicho litakalojua. Kamba itashika. Kila kibanda cha abiria kinachoning'inia hapo kitakapoanza na kusimama, mkia utateleza kidogo, na kidogo tena. Kisha siku moja utachomoka wote.

Mzee Shembilu alipata kiharusi kidogo miaka sita iliyopita. Tangu hapo mkono wake wa kushoto hauwezi ile dhiraa.

Nilisukuma pima ya kwanza na glavu ikanisaidia vizuri, kwa upole kama mzazi. Nilipofika mwisho wa pima, vidole vyangu vya kushoto vikalegea. Nilivikaza. Glavu ikavilegeza. Nikakaza tena, na safari hii Mlezi akanibana kifundo kwa nguvu, akaushusha mkono wangu, akaulaza mkia kwenye mfereji na kuanza kuuzungushia utepe. Alifanya hivyo kwa madaha, kwa ile staili ya Mzee Shembilu ya kupitisha kidole gumba juu ya utepe mara mbili. Nilikuwa namtazama mwalimu wangu ndani ya mkono wangu mwenyewe.

Niliivua glavu nikaitupa benchini. Kisha nikampigia Shekiondo wa kituo cha Soni.

Shekiondo ana miaka sabini na mitatu na maneno mengi. "Nakijwa! Mmetuzidi! Mkono wa Shembilu ni mtamu, bwana, mimi hata mabega hayaumi siku hizi."

"Shekiondo, njia yako ya Bumbuli uliiunga lini?"

"Hiyo? Siku ile ile glavu ilipobadilika. Wiki nane."

"Kibanda kikipita kwenye kiungo kinafanyaje?"

Nilisikia winchi yake ikinguruma nyuma yake na mtu akicheka.

"Kinapiga kwikwi," alisema. "Kama wiki moja hivi. Nilidhani ni gurudumu."

"Kipige picha."

"Mashine ya picha wameichukua. Si waliichukua hata kwenu? Leo ndiyo wanasema mkono wa mfano hauhitaji picha, wanapima mwendo wa glavu tu." Sauti yake ikashuka. "Kuna nini, Nakijwa?"

"Simamisha njia."

"Kwa neno la nani? Nikisimamisha, fomu inauliza kosa ni la nani. Niandike la Shembilu? Unajua wakiandika hivyo nini kitafuata. Watatuvua glavu wote, watupime mikono mitupu. Mimi mkono mtupu siwezi hata kufunga kifungo cha shati, dada yangu."

"Kuna watu wangapi hewani sasa hivi?"

"Usiniulize hivyo."

"Wangapi?"

"Leo ni siku ya kliniki Bumbuli," alisema. "Vibanda vimejaa."

Alikubali kitu kimoja, kupunguza mwendo, kwa kisingizio cha ukungu. Nilikata simu. Glavu niliiacha pale pale benchini.

*

Mzee Shembilu anakaa nyuma ya stesheni ya zamani ya reli. Nilifika saa tisa alasiri. Mlango ulikuwa wazi, na mkewe, Bi Makiwa, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mrija mmoja ukitoa damu na mwingine ukiirudisha. Mashine ya figo ilikuwa ikilia polepole, tik, tik. Hospitali huzitoa mashine hizo kwa mwenye kadi ya kazi na mtu mmoja anayemtegemea. Wazee ni wengi na mashine ni chache, kwa hiyo serikali iliamua hivyo, na sote tulipiga kura ya ndiyo kwa sababu siku hiyo tulikuwa wazima. Anayeandikwa Hawezi, kadi yake hufungwa mwisho wa mwezi.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, binti. Karibu." Bi Makiwa alinyoosha mkono ulio huru. "Umekuja kumpongeza mwenzako? Tangu arudi hajasema neno. Nimemwambia, mtu akipewa heshima anacheka."

Nilikaa. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na yote yakanitoka. Utamwambiaje mtu aliyekushika mkono ukiwa na miaka ishirini na miwili kwamba mkono wake unaua?

"Mzee," nilisema, "wameuingiza mkono wako kwenye njia arobaini na moja."

"Nimesikia."

"Ile dhiraa haimo."

Bi Makiwa akatutazama, mara mimi mara mumewe. Mzee Shembilu alitoa mkono wa kushoto mfukoni akauweka juu ya goti. Vidole viwili vilikuwa vimejikunja.

"Ulianza kunifunika lini?" aliuliza.

Miaka yote ile, na leo ndiyo analitamka. Niliona aibu kana kwamba amenikuta bafuni.

"Tangu uliporudi kutoka hospitali."

"Mimi nilimfunika marehemu Hoza, fundi aliyenifundisha, miaka minne. Hakujua. Au alijua." Alicheka kicheko kikavu. "Nilidhani utanifunika mpaka nife, halafu na wewe utapata wa kukufunika. Sasa hakuna mdogo wako. Wewe ndiye wa mwisho."

"Soni inapiga kwikwi, Mzee. Kesho asubuhi nataka kumwambia yule afisa."

"Mwambie ni glavu. Mwambie mashine imeharibika."

"Nimesoma kanuni zote njiani. Mkono wa mfano haufutwi kwenye glavu mpaka mwenyewe aandikwe Hawezi. Wakisimamisha njia leo wakaziunga upya kesho, glavu zitaziunga vile vile."

Aliyejibu alikuwa Bi Makiwa, na nilikuwa namwogopa yeye kuliko wote.

"Nakijwa," alisema. Nilipogeuka, macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Ulipojifungua Namkunda, nani alilala na wewe hospitali?"

"Wewe, mama."

"Basi usiseme. Nakuomba. Tafuta njia nyingine, wewe una akili. Wiki mbili tu bila hii mashine, mimi siko. Nimewaona waliofungiwa. Wanavimba mpaka uso haujulikani." Alinishika kiganja. Mkono wake ulikuwa wa baridi kwa sababu damu yake ilikuwa safarini. "Sijui hao watu wa Bumbuli. Mungu anisamehe, siwajui."

Nilimbusu mkono nikatoka. Mzee Shembilu hakunisindikiza, ingawa yeye humsindikiza hata muuza mkaa.

*

Nilimwambia Bi Kokushubila saa mbili kasoro asubuhi, kwenye jukwaa la kupandia, kabla hajamaliza kuvua koti. Nilisema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayemeza dawa chungu. Kufunika nilimweleza mara mbili, maana mara ya kwanza hakuelewa.

"Yaani hamkumwambia? Miaka sita?"

"Ungemwambia babu yako?"

Akachukua kishikwambi akampigia Shekiondo kwa video, akaamuru njia ya Soni isimamishwe na utepe ufunguliwe. Tulisubiri. Wazee wenzangu walikuwa wameanza kusogea, Mzee Kupaza akiwa mbele. Kwenye kioo ikaonekana mikono ya Shekiondo ikivua utepe. Mkia wa chuma ukaruka nje kama nyoka. Ndani ya kamba ulibaki shubiri moja tu. Sehemu iliyobaki yote ilikuwa imeshateleza.

"Mungu wangu," alisema Bi Kokushubila. Kamba ya Soni ingeshika mpaka jioni? Sidhani hata kama ingefika saa sita.

"Nyingine zote zisimame," nilimwambia. "Na uniruhusu nikuonyeshe mkono sahihi, muurekodi huo."

Nakiri nilisema hivyo kwa majivuno. Nilikuwa nimetoka kuutua mzigo, moyo ulikuwa mwepesi kidogo, na nilitaka angalau kazi yangu iliyofichwa miaka sita ionekane. Nilichukua kamba ya mazoezi. Mikono mitupu. Nilifanya kazi huku nikimtazama yeye usoni na kumweleza, sindano hapa, sukuma hapa, hapa ndipo glavu inapokosea. Sikuangalia chini. Kazi ya miaka thelathini na sita haiangaliwi.

"Haya," nilisema. "Pima."

Alivua utepe wangu. Alipima kwa futi yake, akarudia, kisha akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha.

"Mama," alisema taratibu. "Dhiraa iko nje."

Nilitazama. Ilikuwa imelala kwenye mfereji, imenyooka vizuri, na utepe alioushika ulikuwa na alama za kidole gumba, mara mbili.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Ninachokumbuka ni kwamba niliinua uso. Juu ya vichwa vyetu kamba ya Mombo–Lushoto ilikuwa inakimbia, ikipandisha watu wa asubuhi, na kamba hiyo tuliiunga wiki tano zilizopita. Mzee Shembilu alimaliza, akaenda kunywa chai, nami nikavua glavu na kumfunika. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Vidole vyangu vilikuwa vimeshafundishwa na glavu wiki tatu, na kwa mkono wangu mtupu nilikuwa nimelifungua kosa na kulifunga upya.

Nilikipiga kitufe chekundu kwa ngumi.

Winchi ikalia ikanyamaza. Kule juu ya korongo vibanda tisa vikayumba mbele na nyuma. Kwenye kitabu cha Mzee Kupaza walikuwa watu ishirini na sita. Mtu mmoja alikuwa anatupungia kitambaa, akidhani ni mchezo.

"Kiungo kiko wapi?" aliuliza Bi Kokushubila.

Alama nyeupe ya kiungo ilikuwa imepita mnara wa tatu, ikirudi kwetu. Ilibidi tuivute mpaka jukwaani, polepole, na watu wakiwa bado wananing'inia. Mzee Kupaza alishika usukani wa winchi kwa mikono miwili, midomo ikisema dua. Kila mnara kamba ilipopita magurudumu, ilitoa mlio mdogo. Tak. Tukashika pumzi. Mnara wa pili. Tak. Mnara wa kwanza ulichukua dakika nne, na katikati yake kamba ilishtuka, vibanda vyote tisa vikashuka kiasi cha ngazi moja. Kilio kilitufikia kutoka juu, cha watu wengi kwa pamoja.

Kiungo kilipofika jukwaani tulikibana kwa breki ya mkono. Breki ile ni ya kusaidia dakika chache. Nilikata utepe. Mkia ulikuwa umebaki nusu pima ndani.

"Sukuma," alisema Bi Kokushubila.

"Siwezi. Mkono wangu haujui tena."

"Nani anajua?"

Kisha nikasikia viatu vikikokotwa kwenye ngazi, na Mzee Shembilu akapanda, akihema, akiwa hajavaa glavu. Sijui alikuwa amesimama pale chini tangu saa ngapi. Alivuta sanduku la vifaa akakaa karibu na bega langu, karibu kuliko alivyowahi kukaa tangu niwe mwanafunzi.

"Shika sindano," alisema. "Kushoto. Chini zaidi. Sukuma."

Nilisukuma. Mkia ukaingia, robo tatu ya pima, pima. Vidole vyangu vikalegea vyenyewe, vikaanza kuulaza uzi kwenye mfereji.

"Bado," alisema.

"Mzee, vinakataa. Vinaniambia tumemaliza."

"Hivyo ni vidole vyangu. Usivisikilize. Sikiliza mdomo wangu. Kaza."

Nilikaza mpaka nikaona nyota. Mkono ulitaka kushuka na mimi nikauzuia kwa bega, kwa meno, kwa kila kitu. Alikuwa ananiambia kwa sauti, mbele ya wote, mambo ambayo hakuwahi kuniambia kwa maneno, zungusha kidogo kuelekea kwako, usisukume wakati unavuta pumzi, subiri kamba ipumue. Yote aliyajua. Kichwani mwake ile dhiraa haikuwahi kupotea hata siku moja. Breki ilianza kunuka moshi.

"Nusu dhiraa," alisema. "Usiniangalie. Kaza. Kaza, mwanangu. Haya, uache uingie."

Mkia ukazama wote. Nilipapasa kwa kidole, hakukuwa na kitu kwenye mfereji.

Tuliirudia kazi ile kwa nyuzi tano zilizobaki, breki ikipozwa kwa ndoo za maji. Kisha Mzee Kupaza akaachia winchi, kamba ikabeba mzigo wake, na vibanda vikaanza kushuka kimoja kimoja. Watu walitoka wakiwa wamelowa jasho. Mama mmoja alitapika jukwaani. Mwingine alitufokea kwamba amekosa miadi ya macho, na sote tukamwomba radhi kwa furaha.

Bi Kokushubila alikuwa ameketi kwenye ngazi, kishikwambi mapajani. Fomu ilikuwa wazi, nikaisoma kutoka nilipokuwa. *Mkono wa mfano: sababu ya kuufuta. Jina la asiyeweza.* Njia thelathini na tisa zilizobaki zilikuwa zimesimama kwa amri yake. Kesho mafundi wangezifungua na kuziunga upya, wakiwa wamevaa glavu.

Alimtazama Mzee Shembilu, ambaye alikuwa anaufuta mkono wake wa kulia kwa kitambaa. Ule wa kushoto ulikuwa mfukoni.

"Mzee," alisema, "mke wako yuko kwenye kadi yako, siyo?"

"Ndiyo, mwanangu."

Bi Kokushubila akakifunika kishikwambi kwa kiganja. "Mimi sijaona kitu. Nitaandika hitilafu ya glavu. Nitawaambia vituo wawe waangalifu. Nitatafuta namna, wazee wangu, msiwe na wasiwasi."

Jukwaa zima lilishusha pumzi. Shekiondo alikuwa bado kwenye simu, nikamsikia akisema alhamdulillahi. Mzee Shembilu aliinamisha kichwa, na nikaona mabega yake yakitikisika. Hakusema asante, lakini hakukataa. Msichana yule alikuwa na adabu. Alilelewa vizuri. Nilimtazama na hofu ikanishika kuliko ile ya mnara wa kwanza, kwa sababu nilimjua. Alikuwa mimi, miaka sita iliyopita, saa nne, chai ikichemka.

"Naomba hicho," nilisema.

"Mama?"

"Naomba, mwanangu."

Alinipa, kwa sababu mtu mzima akikuomba kitu unampa. Nilikaa kwenye ngazi ya chini. Wazee wenzangu walijua ninachofanya kabla sijaanza, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunizuia. Nafikiri walinichukia papo hapo, na bado wananichukia. Mzee Kupaza alisema tu, "Nakijwa, Makiwa alikulelea mtoto."

"Najua," nilisema.

Niliandika jina la Mzee Shembilu, la kwake, la baba yake na la babu yake, kama fomu inavyotaka. Chini yake, kwenye nafasi ile ile, niliandika langu. Nilipobonyeza kutuma, kishikwambi kiliuliza kama nina uhakika, nikabonyeza tena. Kwenye benchi, Mlezi wangu alitoa mlio mdogo akalegea, mkono wa Mzee Shembilu ukamtoka.

Nilipogeuka, Mzee Shembilu alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, ameshika ukuta. Alikuwa anawahi nyumbani, amwambie mkewe yeye mwenyewe kabla ujumbe haujafika kwenye kadi. Nilimwita. Hakugeuka. Nikakaa pale nikimhesabia hatua mpaka alipovuka reli, na sikumfuata.